Ordinateri ndogo ya mezani inakawia: namna ya kuiongezea diski ya SSD bila kupoteza dosiye

Katika sekretariati za Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia, kwenye ofisi za masomo, vituo vya afya na hata studio za radio, kunaonekana ordinateri ndogo za mezani, nyembamba kama Biblia kubwa, ambazo wengine wanazificha nyuma ya ekra. Nyingi ni za okazioni: zilifanya kazi miaka katika maofisi ya ng'ambo, kisha zikauzwa tena. Zinakula umeme kidogo, hazina kelele nyingi, hazijazi meza. Lakini nyingi ziko na ugonjwa mumoja: unabonyeza butoni asubuhi, unaenda kunywa chai, unarudi, na Windows ingali inazunguka.

Mara nyingi ugonjwa huo hauko wa mashini nzima. Ni wa kipande kimoja tu, diski. Kuweka diski ya aina ya SSD ni kazi ya saa chache, na mutu mwenye turnevisi na uvumilivu anaweza kuifanya. Hatari haiko kwenye visi. Hatari iko kwenye dosiye: orodha za wanafunzi, fishi za wagonjwa, hesabu za duka, emisio zilizorekodiwa. Siku ya kutengeneza mashini njo siku ambayo vitu hivi vinaweza kupotea vyote kwa mara moja. Kwa hiyo, maelezo yafuatayo yanaweka usalama wa dosiye mbele, na mwendo wa mashini nyuma yake.

Diski ya zamani na SSD: tofauti ni nini

Diski ya zamani, ile Wakongomani wanaita "disque dur", ndani yake iko na sahani zinazozunguka na kamukono kenye sindano inayosoma na kuandika. Sahani zinazunguka mara 5400 ao 7200 kwa dakika moja. Sindano haigusi sahani. Inaelea juu yake kwa nafasi ndogo sana, hata vumbi haiwezi kupita. Hii njo sababu diski ya namna hiyo inaogopa kuanguka na kutikiswa wakati inafanya kazi.

Kila mara ordinateri inatafuta kitu, sindano inahama na kungojea sahani ifike. Safari moja inachukua kama milisekunde 10 ao zaidi. Ni kidogo, lakini Windows ikiwaka inatafuta vitu vidogo kwa maelfu, huku na huku. Diski inayoweza kufanya safari mia moja hivi kwa sekunde moja inachelewa hapo. Hata ukinunua prosesa ya nguvu, itakaa inangojea sindano.

SSD haina kitu kinachozunguka. Inaweka dosiye ndani ya chipu, kwa njia inayofanana na ile ya fleshi ya USB, lakini chipu zake ni bora na kuna chipu nyingine ya kuziongoza. Inaweza kujibu maelfu na maelfu ya maombi kwa sekunde moja. Kwa kusoma kitu kikubwa mufululizo, diski ya zamani ya ordinateri ndogo inatoa kama mega 100 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika karibu na mega 550. SSD ya NVMe ya kizazi cha PCIe 3 inaweza kufika karibu na mega 3500.

Kwa mutu wa sekretariati, tofauti kubwa ni ya kutoka diski ya zamani kwenda SSD yoyote. Tofauti kati ya SATA na NVMe, kwa kuandika barua, kuskani na kupiga kopi, haionekani sana. Usilipe zaidi juu ya namba kubwa iliyoandikwa kwenye paketi kama kazi yako haiiombi.

Jua kwanza mashini yako

Familia tatu za ordinateri hizi ndogo zinajulikana sana: OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk na ProDesk Mini za HP, na ThinkCentre Tiny za Lenovo. Zinafanana: kama santimetre 18 kwa 18, unene wa santimetre 3 na nusu hivi, na adapta ya umeme inayokaa inje kama ya laptopu. Jina kamili la modeli linaandikwa kwenye kibandiko chini ao pembeni. Liandike kwenye karatasi mbele ya kwenda sokoni.

Mufano mzuri ni OptiPlex 3050 Micro ya mwaka 2017. Ndani yake iko na nafasi mbili za diski. Ya kwanza ni ya diski ya ukubwa wa laptopu, ile inayoitwa 2,5, yenye upana wa santimetre 7 na urefu wa santimetre 10. Ya pili ni katundu kembamba kwenye kadi kuu kanakoitwa M.2, kanakopokea SSD inayofanana na kipande cha chingamu. Kwa sababu ya nafasi hizo mbili, mutu anaweza kuongeza SSD bila kuondoa diski ya zamani.

Sasa, kuna hali tatu:

- Mashini iko na diski ya 2,5 na nafasi ya M.2 ni wazi. Hii njo hali nzuri: unaweka SSD kwenye M.2, diski ya zamani inabaki mahali pake.
- Mashini iko na nafasi ya 2,5 peke yake. Hapo unabadilisha: SSD inaingia, diski ya zamani inatoka na kuwekwa ndani ya kasha la USB.
- Mashini ni ya mwaka 2014 hivi ao ya nyuma zaidi. Hata kama kuna njia ya kuweka NVMe, mara nyingi BIOS yake haiwezi kuwasha Windows kutoka huko. Kwa mashini hizo, SSD ya SATA ya 2,5 njo salama.

Angalisho moja: kwenye kadi kuu kunaweza kuwa katundu kengine kafupi ka M.2 ka kadi ya Wi-Fi. Haka hakapokei SSD ya kawaida. Usilazimishe.

SSD ipi ya kununua

Neno M.2 linaeleza umbo tu, halielezi lugha ambayo diski inazungumza. Kuna M.2 za SATA na kuna M.2 za NVMe, na kwa macho zinafanana sana. Mashini fulani inakubali aina zote mbili, nyingine moja tu. Mara nyingi M.2 ya SATA iko na mikato miwili kwenye meno yake, na ile ya NVMe iko na mukato mumoja. Lakini mikato haitoshi kuwa ushahidi. Soma maandishi ya kwenye kibandiko.

Kisha angalia urefu. Namba 2280 maana yake ni upana wa milimetre 22 na urefu wa milimetre 80. Kuna pia 2242 na 2230, ambazo ni fupi. Ordinateri ndogo nyingi za mezani zinapokea 2280, lakini angalia mahali visi inafungwa mbele ya kulipa.

Kwa upande wa ukubwa, jiulize nini itakaa kwenye SSD. Windows na programu za ofisi zinaenea vizuri ndani ya giga 240 ao 256. Kwa sauti na picha, hesabu inabadilika. Saa moja ya sauti ya stereo katika WAV ya kiwango cha CD inakula kama mega 635. Saa ile ile katika MP3 ya kilobiti 128 inakula kama mega 58. Kwa hiyo, diski ya giga 500 inaweza kubeba karibu saa 780 za WAV, na saa zaidi ya 8000 za MP3 hiyo. Studio ya radio inaweza kuweka Windows na emisio za juma hili kwenye SSD ya giga 256, na kuacha akiba kwenye diski kubwa ya zamani, ambayo ni rahisi kwa kila giga.

Wengine wanaogopa kwamba SSD inachakaa upesi. Ni kweli kwamba chipu zake zinaweza kuandikwa mara zenye mwisho. Lakini angalia hesabu: Samsung 870 EVO ya giga 500 inatolewa na garanti ya kuandikwa tera 300. Ofisi inayoandika giga 20 kila siku, ambayo ni mingi kwa sekretariati, ingehitaji zaidi ya miaka 40 kufikia hapo. Mara nyingi kitu kingine kitaiua mbele: umeme mubaya, joto, ao chipu ya kuongoza kuharibika.

Sokoni: mutego wa diski bandia

Kuna SSD bandia. Zingine, ukifungua kasha, unakuta kafleshi ka USB ao kakadi ka simu kalikogandishwa ndani. Programu yake imedanganywa ili ionyeshe tera 1 ao 2, kumbe nafasi ya kweli ni giga chache. Ubaya wake ni kwamba inapokea dosiye zako bila kulalamika, na siku unazifungua, hakuna kitu.

Mbele ya kutoa dola, uliza hivi: "Papa, hii ni SATA ao NVMe? Iko na garanti ya siku ngapi? Naweza kuijaribisha hapa hapa?" Muuzaji mwenye diski ya kweli hataogopa swali la mwisho.

Kuna programu za bure za kupima. Kwenye Windows, H2testw inajaza diski yote kisha inasoma tena ili kuhakikisha kama nafasi ni ya kweli. Kwenye Linux, f3 inafanya kazi ile ile. Fanya jaribio hili wakati diski ingali tupu, juu linaandika kila mahali. Kwa SSD ya okazioni, CrystalDiskInfo inaonyesha ilifanya kazi saa ngapi na afya yake ni asilimia ngapi. Bei ndogo kupita kiasi kwa ukubwa wa ajabu ni alama ya kwanza ya uongo.

Mbele ya kufungua: kopi

Hakuna hatua iliyo ya lazima kuliko hii. Tia kopi ya dosiye zote kwenye diski ya inje, kisha fungua dosiye tano ao kumi kutoka kwa kopi ile ili uone kama zinafunguka. Kopi ambayo haijafunguliwa haijawa kopi.

Usisahau mahali watu wanasahau: meza ya Windows, "Téléchargements", dosiye za programu ya hesabu, barua za emaili zilizowekwa ndani ya mashini, na nywila zilizoandikwa ndani ya navigateri. Kwa kituo cha afya ao masomo, uliza kila mutu anayetumia mashini ile mahali anaweka kazi yake.

Kama diski ya zamani inapiga mulio wa "tak-tak", ao inakatikakatika wakati wa kutia kopi, simama. Diski hiyo inakufa. Anza na dosiye za maana kuliko zote, na usiichoshe na kazi ingine. Tena angalia kama Windows ilifunga diski na BitLocker. Kama ndiyo, ile namba ndefu ya kuifungulia iandikwe kwenye karatasi mbele ya kugusa kitu chochote.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Zima ordinateri vizuri, chomoa adapta kwenye prizi, chomoa kable zote. Bonyeza butoni ya kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.

2. Kaa mahali penye mwangaza, kwenye meza isiyo na kitambaa cha nailoni. Gusa chuma cha kasha kwa mukono mbele ya kugusa vipande vya ndani, ili umeme wa mwili utoke. Weka visi ndani ya kisahani, usizichanganye.

3. Kwenye OptiPlex Micro, kuna visi moja kubwa nyuma. Ukiilegeza, kifuniko kinasukumwa na kutoka. Kwenye mashini za aina nyingine, mupango unafanana, lakini zingine zinafunguliwa pia upande wa chini.

4. Ondoa kitanda cha diski ya 2,5. Kwenye Dell hii, nafasi ya M.2 iko chini yake. Usivute kwa nguvu. Kama kitu kinakataa, kuna kishikizo ao visi ambayo hujaiona.

5. Ingiza SSD ya M.2 kwa kuinamisha kidogo, mukato ukikutana na jino la katundu. Itabaki imeinuka. Ibonyeze polepole mpaka ilale, kisha funga visi yake ndogo. Visi hii mara nyingi haipatikani kwenye mashini za okazioni. Muombe muuzaji akupe. Usigandishe SSD na skochi, juu ikipata joto itaachia.

6. Kwa SSD ya 2,5, ifunge kwenye kitanda pa diski ya zamani na kuisukuma mpaka meno yake yaingie sawasawa.

7. Ukiwa ungali umefungua, toa vumbi kwenye vantilateri kwa burushi kavu. Kwa mashini ya miaka mingi, badilisha pia batri ndogo ya duara, CR2032. Batri hiyo ikiisha, saa inarudi nyuma na mipangilio ya BIOS inaweza kurudi kama ya kiwandani. Kuna mashini zinazokataa kuwaka kwa sababu hiyo tu, watu wakasema SSD imekufa.

8. Rudisha kitanda na kifuniko, chomeka, washa. Ingia kwenye BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Tazama kama SSD inaonekana kwa jina na ukubwa wake. Kama haionekani, zima, ichomoe na kuirudisha tena. Sababu kubwa ni kwamba haikuingia mpaka mwisho, ao ni M.2 ya aina ambayo mashini haiijui.

Kuhamisha Windows ao kuanza upya

SSD inayoonekana kwenye BIOS haijaleta mwendo bado. Windows ingali kwenye diski ya zamani, na mashini itaendelea kuwaka kutoka huko. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kunakili kila kitu, kama vile kupiga fotokopi ya diski. Clonezilla ni programu ya bure inayofanya hivyo kutoka fleshi ya USB. Kwa kawaida inaomba diski mupya iwe na ukubwa sawa na ya zamani ao kupita. Jambo la kuangalia ni upande: ukichanganya diski ya kutoka na diski ya kuingia, utanakili utupu juu ya kazi yako yote. Soma jina na ukubwa wa kila diski mara mbili. Kopi ya inje iliyofanywa mbele njo itakuokoa hapa.

Wakati umemaliza kunakili, zima na kuondoa diski ya zamani kwa uwashaji wa kwanza. Diski mbili zenye alama sawa zinaweza kuchanganya Windows. Ukiona mashini inawaka vizuri na SSD peke yake, endelea siku chache, kisha rudisha diski ya zamani.

Njia ya pili ni kuweka Windows ao Linux upya. Inafaa kama mashini ilijaa virusi na programu zisizojulikana. Inaomba fleshi ya giga 8 iliyotayarishwa. Fishie ya Windows inapita giga 5, kwa hiyo ni vizuri kuipakua mahali penye koneksioni nzuri kuliko kumaliza megabaiti za simu. Mbele ya kuanza, ondoa diski ya zamani kimwili. Programu ya kuweka Windows inaonyesha orodha ya diski na kuuliza mahali pa kuingia. Diski isiyokuwa ndani ya mashini haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.

Kwa kuwasha kutoka fleshi, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Kwenye Dell, kuna pia mupangilio wa SATA unaoitwa "RAID On" ao "AHCI". Programu nyingi za Linux, na Clonezilla ni moja yao, zinaweza kukosa kuona diski kwenye "RAID On". Lakini ukibadilisha mupangilio huo wakati Windows ya zamani ingali kazini, Windows ile inaweza kukataa kuwaka. Ukiona hivyo, rudisha kama ilivyokuwa, dosiye hazijapotea.

Windows 10 na memwari

Microsoft ilimaliza musaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaomba TPM 2.0, memwari ya giga 4 kwa uchache, diski ya giga 64, na kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kizazi cha 8 na kwenda mbele. OptiPlex 3050 iko na prosesa za kizazi cha 6 ao 7, kwa hiyo iko inje ya orodha hiyo. SSD haibadilishi jambo hilo. Kwa mashini ya namna hiyo, Linux kama Debian ao Ubuntu pamoja na LibreOffice inaweza kuwa njia ya kuendelea kupata marekebisho ya usalama bila kulipa.

Angalia pia memwari. Mashini yenye giga 4 peke yake, hata ikipata SSD, itachoka ukifungua navigateri na Word pamoja. Ikiwa pesa inaruhusu, fikisha giga 8.

Umeme ukikatika

SSD haiogopi kutikiswa, lakini inaogopa umeme kukatika wakati inaandika. Chipu ya kuongoza inaweka ramani ya mahali kila kipande cha dosiye kiko. Ramani hiyo ikikatwa katikati ya kuandikwa, diski nzima inaweza kukosa kutambulika. SSD za maseva makubwa zinabeba kondensateri za kushika umeme kwa muda mufupi sana, wa kutosha kumaliza kuandika. Nyingi za hizo zinatengenezwa na tantali, chuma kinachotoka katika koltani, madini yale yale yanayochimbwa Rubaya, katika Masisi. SSD za bei ndogo zinazouzwa kwa watu wa kawaida, kwa wingi, hazina ulinzi huo.

Kwa hiyo, mahali penye delestaji, onduleri ndogo ni sehemu ya kazi hii. Ordinateri ndogo hizi zinakula umeme kidogo, adapta yake mara nyingi ni ya wati 65, hivi hata onduleri ya hali ya chini inatoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Usichomeke mashini moja kwa moja kwenye jenereta isiyo na stabilizateri.

Kuna tofauti ingine ambayo watu wanaijua wakati wamechelewa. Diski ya zamani mara nyingi inatoa alama mbele ya kufa: mulio, kukawia, dosiye zinazokataa. SSD inaweza kuzimika leo ikiwa ilifanya kazi vizuri jana. Tena, ukifuta dosiye kwa kosa kwenye diski ya zamani, fundi anaweza mara nyingi kuirudisha. Kwenye SSD, mashini inaiambia diski isafishe nafasi ile, na kisha muda mufupi hakuna cha kurudisha.

SSD haifai pia kuwa sanduku la akiba la kufungia kabatini. Chipu zinashika dosiye kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo inapungua polepole ikikaa bila kuchomekwa. Kwa SSD ya kawaida iliyokwisha kuchakaa, kiwango cha JEDEC kinaomba ishike dosiye mwaka 1 tu bila umeme, kwa joto la digrii 30. Ofisi inayofungwa kwa muda mrefu isiache kazi yake yote ndani ya SSD moja. Akiba ikae kwenye diski ya kuzunguka, na kopi ya pili ikae nyumba ingine, si kwenye meza ile ile.

Ukimupa fundi kazi

Asiyejiamini anaweza kupeleka mashini kwa fundi, na hakuna aibu. Lakini kuna mambo ya kupatana kwa wazi mbele ya kuacha mashini:

- Kopi ya dosiye imefanywa na mwenyewe, ao itafanywa na fundi mbele ya macho ya mwenyewe.
- Modeli na numero ya seri ya SSD mupya imeandikwa kwenye resi, pamoja na siku za garanti.
- Memwari na prosesa zilizomo zimeandikwa pia, ili mashini irudi na vipande vyake.
- Diski ya zamani inarudi kwa mwenyewe, hata kama fundi anasema "haifai tena".

Hili la mwisho linahusu watu wengi kuliko mwenye mashini. Diski ya zamani ya kituo cha afya iko na majina ya wagonjwa. Ya sekretariati iko na kopi za kadi za wachaguzi na mikataba ya viwanja. Ya masomo iko na namba za simu za wazazi. Kuiacha dukani ni kuacha vyote hivyo kwenye mukono wa mutu yeyote atakayeinunua kesho. Kama bado inafanya kazi, irudi kwenye nafasi yake ndani ya mashini ao kwenye kasha la USB, baada ya mwezi mumoja wa kuhakikisha kwamba hakuna kilichosahaulika. Kama imekufa, ifunguliwe na sahani zake zivunjwe mbele ya kutupwa.